Siku Saba Ambazo Mto Haukupimwa

Ukipita Kuze, mtaa wa Mji wa Kale hapa Mombasa, asubuhi kabla jua halijakaza, utamkuta Abdulhalim ameketi kwenye baraza ya nyumba yake, kanzu imenyooshwa kwa pasi, kofia imekaa sawa, na saa ya mkononi ameigeuzia upande wa ndani wa kiganja. Ikifika saa moja kamili ataitazama. Saa kumi na moja jioni ataitazama tena. Hana pa kwenda, wala hana anayemngoja. Ni mazoea tu, kwa kuwa kwa miaka thelathini na nne, saa hizo mbili zilimkuta ukingoni mwa Mto Ndaro, kule kijijini Mwarongo karibu na mpaka, akisoma mti wa vipimo.

Wanauita mti, lakini ni nguzo ya chuma iliyochimbiwa majini, imepigwa rangi nyeupe na namba nyeusi, sifuri chini na mia nne juu. Kazi ya Abdulhalim ilikuwa kutazama maji yamefika namba gani, kisha kuandika. Basi. Mwingine angeifanya kazi hiyo huku amelala. Yeye aliifanya kama ibada, mvua au jua, na kila namba aliiandika mara mbili: daftari moja la serikali, jingine lake mwenyewe. Kuze nzima ikamwita Bwana Vipimo. Alijifanya halipendi jina hilo, ila ukimwita Abdulhalim tu alikawia kuitika.

Alipostaafu alirudi mjini na mkewe Mwanakuu, wakamwacha Mwarongo binti yao wa pekee, Ummukulthum, aliyekulia pale ukingoni na kuolewa na Dzoro, mkulima wa mpunga. Daftari zake zilirudi naye pia. Mwanakuu alizifunga kwa leso kuukuu, akazitia kwenye kasha chini ya kitanda, na kila mwaka kabla ya Ramadhani alizitoa kuzianika zisishike ukungu. Hakuna aliyedhani zingekuja kuwa na faida.

Oktoba ya mwaka jana, alikuja kijana mmoja kutoka serikalini, mpole, shati jeupe, jina lake Lennox. Akaamkia vizuri, akavua viatu bila kuambiwa, akanywa kahawa yote hadi mashapo. Kisha akaeleza shida yake. Wenzetu wa nchi ya jirani, kule mto unakotoka, walikuwa wamemaliza kujenga bwawa, na walitaka kufunga milango yake ili lijae. Serikali mbili zilikubaliana zikutane Mombasa, kwenye hoteli moja hapa kisiwani, ziamue maji kiasi gani yaachiwe yateremke kwetu miezi ya kiangazi. Ili uamue hilo lazima ujue mto ulikuwaje zamani. Na daftari za ofisini, Lennox alisema huku akitazama mkeka, zote zilikuwa zimeliwa na mchwa.

"Za kwako zipo, mzee?"

"Zipo," akasema Abdulhalim. "Hapana hata siku moja iliyopungua."

Zilipakiwa kwenye mkokoteni. Kutoka nyumbani kwake mpaka palipoegeshwa gari ya Lennox ni hatua mia mbili, lakini Bwana Vipimo alimwongoza mwenye mkokoteni azunguke kwanza mtaa wa Kibokoni, apite mbele ya kila baraza yenye watu, yeye akifuata nyuma mikono mgongoni. Waliomuuliza aliwajibu kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka makubwa, "Mambo ya nchi haya." Sisi wa baraza tuliona, tukacheka. Laiti tungejua, tusingecheka.

Wiki tatu baadaye Lennox alirudi. Safari hii kahawa hakuimaliza.

"Mzee, wenzetu wamezikubali daftari zako zote. Mhandisi wao mkuu, Bwana Jamaldin, amesema hajaona kumbukumbu safi kama hizi."

"Alhamdulillahi."

"Hapo ndipo penye taabu." Lennox akatoa karatasi, nakala ya ukurasa mmoja. "Wamesema hivi: hawatatuachia maji chini ya kiwango cha chini kabisa mto uliowahi kufika wenyewe, kwa mujibu wa daftari zetu sisi. Wakubwa wetu wakaona ni haki, wakakubali kabla hawajakitafuta kiwango chenyewe. Nimekitafuta mimi. Ni Februari 1986. Thelathini na moja."

Abdulhalim aliitazama karatasi. Mwandiko ulikuwa wake, saba zake zenye mkia, tisa zake zilizolala kidogo.

"Tazama," Lennox akaendelea, kidole juu ya karatasi. "Siku moja kabla, mto uko themanini na nne. Zinafuata siku saba: themanini, sabini na moja, hamsini na nane, thelathini na moja, arobaini na saba, sitini na tatu, sabini na sita. Siku ya nane, themanini na mbili. Mvua haikunyesha wiki hiyo. Mto hauanguki hivyo na kuinuka hivyo bila sababu. Ukiziondoa siku hizo saba, katika miaka yote thelathini na nne haukuwahi kushuka chini ya sabini na mbili."

"Na tofauti yake n'nini?"

"Tofauti yake ni mashamba. Maji ya mto ndiyo yanayoisukuma bahari ibaki kwake. Yakishuka chini ya sitini, bahari ikijaa itapanda mtoni na chumvi yake mpaka Mwarongo. Mpunga haustahimili chumvi." Lennox alikunja karatasi. "Kesho kutwa utaitwa ukumbini uthibitishe. Kama ulighafilika, mzee, sema. Binadamu tu. Ukisema, namba hizo saba zitafutwa na tutashika sabini na mbili."

"Ntakumbuka," akasema Abdulhalim. Lakini alikuwa amekwisha kumbuka.

Februari 1986 ndipo alipooa.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu vijana wa siku hizi huoa Ijumaa na Jumatatu wako kazini. Enzi zile bwana harusi wa Mji wa Kale aliingia nyumbani kwa mke na akakaa humo siku saba, fungate. Hatoki. Analishwa, anafukizwa udi, anapelekewa maji ya kuoga yenye asumini, na kazi yake ni kujuana na mkewe. Nyanya yake Mwanakuu, aliyekuwa na ulimi wa kukata chuma, alimwambia Abdulhalim mlangoni: "Mume akitoka ndani kabla ya siku saba, ndoa imetoka naye." Na Abdulhalim alikuwa amemwambia bosi wake kwamba anakwenda Mombasa mara moja na kurudi, kwa sababu ofisi haikumpa ruhusa pasipo mtu wa kushika nafasi yake, na mtu hakupatikana. Alidhani atakaa siku mbili na kuteleza. Siku ya pili aliletewa kuku wa kupaka na mkate wa mofa, Mwanakuu akacheka kwa mara ya kwanza mbele yake, na mto ukamtoka kichwani. Nani angetoka? Mimi nisingetoka.

Siku ya nane alirejea Mwarongo. Akasoma mti: themanini na mbili. Kisha akakaa kwenye jiwe ukingoni, akafungua daftari, na mbele yake ziko siku saba nyeupe. Angeziacha wazi angefukuzwa. Angezijaza namba zinazofanana, mkaguzi angeshuku. Basi akaushusha mto kidogo kidogo, akauzamisha, akaupandisha tena, kama mtu anayechora. Ile thelathini na moja haikuwa na sababu yoyote. Alikuwa na furaha. Alikuwa bado ananukia udi, na alikuwa akitabasamu peke yake alipoiandika. Aliinakili kwenye daftari la pili, akafunga, na hakuifikiria tena miaka thelathini na tisa. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa ndefu ajabu, lakini ilifika.

Asubuhi ya kwenda ukumbini alikaa na chai mpaka ikaota utando. Mwanakuu alikuwa akichambua mchele kwenye uteo.

"Una nini, Babake Ummu? Mato yamekuiva kama uliyelia."

Akamwambia. Alimwambia yote, akitazama sakafu, kuanzia karatasi ya Lennox mpaka jiwe la ukingoni. Mwanakuu aliacha kuchambua.

"Zile siku zetu?"

"Ndizo."

"Wewe uliziandika uwongo siku zile, ndio leo mwanangu anywe mai ya chumvi?"

"Mwanakuu, nikisema ukurasa mmoja ni wa uwongo, watasema zote ni za uwongo. Watazitupa zote. Kisha tutashika nini?"

"Hiyo ni hoja yako, ama ni aibu yako imevaa kanzu?"

Ukweli ni kwamba hata yeye hakujua hoja inaishia wapi na aibu inaanzia wapi. Alifikiria baraza za Kibokoni. Alifikiria zile hatua mia mbili alizozifanya maili nzima. Bwana Vipimo, aliyepima mto akiwa kitandani kwa mkewe! Wangemcheka mpaka kaburini, na kaburini wangemsindikiza huku wakicheka.

Mwanakuu aliinuka, akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kahawia iliyofungwa kwa gundi. Ndani yake mlikuwa na cheti chao cha ndoa, chenye mhuri wa kadhi na tarehe.

"Wape hiki. Kiwaonyeshe ulikuwa wapi siku hizo saba, nawe uwambie zile nyingine zote ulikuwa mtoni. Watacheka, na wacheke. Mtu akichekwa hafi. Shika ndia, wende." Akaitia bahasha mwenyewe kwenye mfuko wa kanzu ya mumewe, akaipigapiga ikae vizuri.

Ukumbini kulikuwa na baridi ya kiyoyozi iliyomwingia Abdulhalim kwenye magoti. Meza ndefu, upande huu bendera yetu, upande ule yao, na katikati chupa za maji zimepangwa safu, hakuna aliyezigusa. Daftari zake zilikuwa mezani, zimetolewa kwenye leso na kuvishwa karatasi za plastiki. Zilionekana kama mali ya mtu mwingine.

Jamaldin, mhandisi wa wenzetu, alikuwa mtu mzima mwenye ndevu nyeupe zilizochongwa. Aliinuka, akazunguka meza yote kuja kumpa mkono kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee wangu. Nimetamani kukuona. Kwetu nawaonyesha wanafunzi wangu kurasa zako. Nawaambia, huyu ndiye mtu."

Kama angemtukana, Abdulhalim angesema. Nina hakika. Angemkemea tu, angemwita mzee wa kijijini, bahasha ingetoka. Lakini sifa ni asali, na mdomo wenye asali haufunguki vizuri.

Jamaldin akarudi kitini, akavaa miwani. "Namba hii ya Februari 1986. Uliiandika kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

"Siku yenyewe unaikumbuka?"

"Naikumbuka sana," akasema Abdulhalim.

Lennox alikuwa amemkazia macho kutoka upande wa pili wa meza. Midomo yake ilikuwa wazi kidogo, kama mtu anayemsaidia mtoto kutamka neno.

"Swali la mwisho, mzee wangu, kisha tukuache upumzike. Katika miaka hiyo yote thelathini na nne, iko siku yoyote hukufika mtoni?"

Mkono wa Abdulhalim ulikuwa mfukoni. Bahasha alikuwa ameishika. Kona yake ilimchoma kidole. Aliyaona macho arobaini yakimtazama, na katika macho yote hayo yeye alikuwa mtu mkubwa, na hakuwahi kuwa mtu mkubwa mahali popote kabla ya hapo.

"Hata moja," akasema.

Wakapiga makofi. Pande zote mbili walipiga, hata wale waliokuwa wamenuniana tangu asubuhi. Lennox hakupiga. Alifunga jalada lake, akafungua chupa ya maji, akanywa nusu, akaangalia dirishani.

Nyumbani Mwanakuu alikuwa mlangoni. "Umesema?"

"Walikuwa wamekwisha amua wenyewe. Nisingebadili kitu."

Mwanakuu alinyoosha mkono akapewa bahasha. Akaitazama: imekunjamana pembeni, lakini gundi ya mdomo wake haijafunguliwa. Tangu siku hiyo alimwandalia chai kama kawaida, na kama kawaida ilikuwa na tangawizi, ila hakukaa tena kuinywa naye.

Mkataba ulitiwa saini. Redio ikasema ni mfano wa ujirani mwema. Januari hii, upepo wa kaskazi umeshika na mvua hakuna, wenzetu walifunga milango ya bwawa.

Ummukulthum hupiga simu kila baada ya siku mbili tatu. Mara ya kwanza alisema viboko wameondoka. Hakuna aliyewafukuza, watu waliamka tu asubuhi wakakuta nyayo zimeelekea juu mtoni, wakubwa kwa wadogo. Abdulhalim alimwambia amwombe Dzoro awe anausoma ule mti wa zamani.

"Saa moja kamili, mwanangu. Si saa mbili."

Alinunua daftari jipya dukani, la kurasa tisini na sita, akaandika tarehe juu ya ukurasa wa kwanza. Sabini na tisa. Sabini. Sitini na sita. Watu wa baraza tulimwona akiandika, tukamtania, "Bwana Vipimo karudi kazini!" Yeye aliinua mkono tu. Tulipoona haongezi neno, tukaacha utani.

Ilipofika hamsini na tano, Ummukulthum alisema kisima cha karibu na msikiti wa Mwarongo kimebadilika ladha, chai hainyweki. Ilipofika arobaini na nane, mpunga ulianza kuwa mwekundu kwenye ncha. Ilipofika arobaini, mto ulikatika kuwa kijito kimoja katikati na vidimbwi pembeni, na mamba wote wa Ndaro, waliokuwa wametawanyika maili kumi, wakajikusanya kwenye vidimbwi hivyo. Wanawake hawachoti tena hapo. Wanachimba mchanga kutafuta maji.

"Na wewe wachimba?" Mwanakuu alimuuliza bintiye.

"Nachimba, Mama. Sote twachimba."

Jumamosi iliyopita simu ililia saa moja na dakika tano. Abdulhalim alikuwa barazani na daftari gotini. Mwanakuu ndiye aliyeipokea, akaja nayo mlangoni, akaiweka sauti juu.

"Assalaam alaykum, Baba. Dzoro ametoka mtoni sasa hivi."

"Ngapi?"

"Thelathini na moja. Na jana ilikuwa thelathini na moja. Na juzi. Imesimama papo hapo, haishuki, haipandi. Mtu wa serikali alikuja, yule Lennox, akatwambia hapo ndipo itakapokaa, ndio mkataba."

Abdulhalim aliandika. Tatu, kisha moja. Mwandiko ulikuwa ni ule ule.

"Baba, watu hapa wamekata tamaa. Wengine washafunga virago. Dzoro amewaambia wasiondoke. Amewaambia mto ulishawahi kufika hapa, umeandikwa na baba mkwe wake, na wazee wetu hawakuhama. Wamemsikiliza. Wanakutegemea wewe. Sasa wamenituma nikuulize." Akakohoa kidogo. "Watu walifanyaje mwaka ule? Walikunywa wapi?"

Mtaani alipita muuza mahamri, akasalimu, hakujibiwa. Abdulhalim aliitazama saa yake, kisha akamtazama mkewe. Mwanakuu alikuwa ameishika simu mbele ya uso wa mumewe kwa mikono miwili, kama anayemshikia mgonjwa kikombe.

"Mjibu mwanao," akasema.

"Baba? Wanisikia?"

"Nakusikia." Alifunga daftari. "Ummu, mwaka ule mto haukufika hapo. Siku ile sikuwako mtoni. Siku ile nilikuwa ndani, na mamako, fungate."

Upande wa pili wakamsikia Ummukulthum akivuta pumzi, na nyuma yake wakasikia majembe ya watu wengi yakichimba mchanga.